Mashine ya Kuingia Nayo Jangwani: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Ukienda dukani kununua kigari au pikipiki ya magurudumu matatu au manne ya kupita pasipo barabara, swali la kwanza huwa ukubwa wa injini. Kwa jangwa la mbali, ambako siku nzima yaweza kupita hujaona mtu, mimi naanza na jingine: mashine hii itabeba maji na mafuta ya kwenda na kurudi? Nimepanga aina nne kwa kipimo hicho na kwa usalama wako ikipinduka, inayofaa zaidi ikitangulia.

1. Kigari cha wazi cha usukani na viti viwili sambamba

Polaris RZR, Can-Am Maverick na Honda Talon ni za aina hii. Mnakaa mmefunga mikanda, na kikibiringika kwenye tuta la mchanga, vyuma vilivyo juu ya vichwa ndivyo vinavyopokea uzito. Kwangu hilo nalo linakipa nafasi ya kwanza. Nyuma pana mahali pa madumu, koleo na tairi la akiba.

Kabla hujalipa, uliza nguvu ya injini inafikaje kwenye magurudumu. Vingi hutumia mkanda wa mpira. Mchanga laini, mzigo mzito na mwendo wa kujikokota kwenye gia kubwa huupasha moto mkanda huo mpaka ukakatika. Ukichukua cha mkanda, nunua wa akiba siku hiyo hiyo, kisha jifunze kuubadilisha nyumbani, kabla kiu na jua havijakuharakisha. Honda Talon na Yamaha YXZ1000R hutumia giaboksi bila mkanda huo. Kwa safari ndefu ningeanza kutazama hizo. Angalia pia kichujio cha hewa kinavuta kutoka wapi: kinachovuta kutoka juu humeza vumbi kidogo.

2. Pikipiki ya kazi ya magurudumu manne, yote yakivuta

Ina keria mbele na nyuma, na hupenya makorongo ya mawe ambayo kigari hakipiti. Lakini haina vyuma vya kukukinga, na nyingi zina uzito wa kilo 300 au zaidi, ikikulalia, huinuki. Wauzaji husifu winchi, yaani mtambo wa waya wa kujivuta ukikwama, nayo inafaa, ila kwenye matuta matupu hakuna mti wa kuifungia. Winchi ya kweli huko ni mwenzako mwenye mashine ya pili.

3. Pikipiki ya michezo ya magurudumu manne

Mfano ni Yamaha Raptor 700. Nyepesi, kali, tamu sana kwenye matuta. Inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, haina keria, na tangi lake ni la lita 11 hivi. Iendeshe karibu na kambi.

4. Ya magurudumu matatu

Usinunue, hata ikiuzwa bei ya kutupa. Hupinduka upesi kwenye kona. Mwaka 1988 watengenezaji wakubwa walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza mpya.

Pesa ikibaki, matairi ya makasia, yenye mbavu pana za kuchota mchanga, yasubiri: ni mazuri mchangani, mabovu kwenye mawe. Nunua kwanza kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti, kisha geji ya kupima upepo wa matairi na pampu, maana mchangani utapunguza upepo na kwenye mawe utaujaza tena.

Halafu ijaribu ikiwa na mzigo kamili. Jaza tangi, zunguka kwenye mchanga laini hadi theluthi iishe, usome kilomita. Huo ndio mwisho wako wa kwenda: theluthi ya pili ni ya kurudi, na ya tatu huigusi.