Treni ya Pugu: foleni huijui, ila ratiba ndo mtihani

Kuna jamaa kaniuliza kama ahamie Gongo la Mboto kwa kutegemea treni, nikaona nimjibu kirefu tu maana huko nimekaa 2017 mpaka 2019, kazi yangu ilikuwa duka la vitambaa Kariakoo, na asubuhi zangu karibu zote nilikuwa mtu wa treni. Namaanisha hii ya mjini Dar, ambayo wengi mpaka leo tunaiita treni ya Mwakyembe japo mwenyewe uwaziri wa uchukuzi alishaachana nao kitambo. Ilianza Oktoba 2012, moja inaenda Ubungo Maziwa na nyingine ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inaenda Mwakanga, hii ya Pugu ikaja baadae.

Nianze na sifa maana inastahili. Wanaokaa ukanda ule wanaijua Barabara ya Nyerere saa 12 asubuhi, unapata siti kwenye daladala unafurahi, kumbe umepata siti ya kukalia foleni, unasinzia unaamka bado mpo Banana. Flyover ya Mfugale ilipofunguliwa Septemba 2018 pale TAZARA palipumua kweli, ila kufika hapo penyewe ilikuwa bado safari. Treni yenyewe haiendi mbio, asikudanganye mtu, ila haisimami kwa sababu ya gari la mtu kuharibika mbele. Unapita kwenye makutano ya reli na barabara unaona magari yamepangana yanakusubiri wewe wa nauli ya mia kadhaa, yaani asee, hiyo raha peke yake naipa nyota moja. Nauli yenyewe haikuwa inapishana sana na daladala.

Ndani sasa, nyomi. Siti za kukaa wanazo wa Pugu, sisi wa Gongo la Mboto tulikuwa tunasimama na kushika popote. Ila kuna utaratibu wake bana, behewa letu lilikuwa na watu wake, wale wa Simba na Yanga kona ile, mhubiri katikati, na kuna mama mmoja wa makamo wa karanga ambaye nikimpa shikamoo alikuwa anajibu "marahaba mwanangu, leo umepiga pasi" kila siku hata nisipopiga. Kitu nilichokuwa napenda kuangalia ni dirishani, reli inapita nyuma ya nyumba za watu kabisa, unaona mtu anapiga mswaki uani, nguo zimeanikwa. Kuna sehemu dada mmoja alikuwa anauza maandazi karibu kabisa na reli. Honi ikilia anabeba beseni lake anarudi hatua kama tatu, mkono mwingine bado unahesabu chenji, behewa la mwisho likipita karudi palepale na mteja wake hajaondoka.

Sasa shida. Treni ni ya asubuhi na jioni tu, mchana hakuna. Ukiitazama unaona imepangwa kwa mtu wa ofisini, anaingia saa 2 anatoka saa 10. Dar sio ofisi tupu. Yule anayewahi samaki Ferry alfajiri anamaliza kazi yake saa 5, mlinzi wa usiku anatoka muda ambao wengine ndo wanaingia, mwanafunzi wa zamu ya mchana, mama kapeleka mtoto kliniki Amana, wote hao wanarudi kwa daladala palepale kwenye foleni. Mimi mwenyewe Jumamosi duka linafungwa mapema nilikuwa nazurura Kariakoo kusubiri treni ya jioni, kahela kadogo nilikookoa kwenye nauli nakuta nimekala kwenye chipsi. Sensa ya 2022 imeikuta Dar na watu milioni 5.38 kutoka milioni 4.36 ya 2012, na hao wapya wengi wanajenga huko huko pembeni, Chanika, Msongola, Pugu Kajiungeni. Kwa mji wa hivyo, treni ya mara mbili kwa siku ni kama bomba linalotoa maji alfajiri na magharibi, utachota ila ndoo zako uzipange mwenyewe.

Watu wanasema ongezeni mabehewa, sawa, ila tatizo kubwa ni njia ni moja. Hiyo ndo Reli ya Kati, Wajerumani walianza kuijenga 1905, mizigo na abiria wa bara wanapita humo humo, kwa hiyo mkikutana lazima mmoja akae pembeni ampishe mwenzie. Na kichekesho, TAZARA nayo inapita ukanda huo huo, reli mbili upande mmoja wa mji, ila upana haufanani, ya Kati milimita 1,000, TAZARA 1,067 ili ifanane na ya Zambia. Milimita 67, upana wa vidole vitatu vinne, ndo vinafanya treni ya huku isiweze kuingia kule. Halafu stesheni ya TAZARA ipo makutano ya Nyerere na Mandela, ukishuka hapo na unaenda Posta unadandia gari lingine.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza, naipa nyota tatu na nusu. Wakiweka hata treni mbili tu za mchana, ya saa 5 na ya saa 8, naongeza moja bila kujadili. Kama kazi yako ni ya saa za serikali hamia, chukua chumba cha kutembea kwa mguu mpaka stesheni, usije ukapanga kule ndani halafu boda ikale faida yote. Na kama unaenda Kariakoo shukia Kamata, anza kusogea mlangoni mapema maana wanaoenda Stesheni, mwisho wa safari, hawakupishi.