Kingdom Come: Deliverance: pumzi ikikata, umekwisha

Gemu nyingi za uhusika, yaani zile unazoishi maisha ya mhusika mmoja, zinaufanya uchovu kuwa mstari tu kwenye skrini. Unakimbia, unapungua, unasimama kidogo, unajaa, safari inaendelea. Kwenye Skyrim (2011), ukiishiwa pumzi unakosa mbio na nguvu ya pigo zito, lakini upanga unaendelea kuurusha kama kawaida.

Kingdom Come: Deliverance ya 2018 imenibadilisha uchezaji. Unamwongoza Henry, mtoto wa mhunzi katika Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo) ya mwaka 1403, ambaye mwanzoni hata upanga hajui kuushika. Pumzi ndiyo kinga yake. Akipigwa angali nayo, inayopungua kwanza ni pumzi. Ikikata, mwili ndio unaoumia. Kibaya zaidi, jeraha linashusha kiwango cha juu cha pumzi, kwa hiyo aliyeumia mapema anazidi kuelemewa. Ukivaa kofia ya chuma yenye kifuniko cha uso, unaona kupitia mwanya tu, na ukichoka hata huo mwanya unaanza kufifia huku unamsikia Henry akihema. Ndipo nilipoacha kubonyeza ovyo. Narudi nyuma, namwacha adui arushe upanga achoke yeye.

Upinde nao hauna alama ya kulengea, na ukiuvuta muda mrefu mkono unatetemeka. Mwanzoni sungura walinicheka.

Usingizi umefanywa vizuri: Henry akikesha, macho yanamfumba ghafla hata akiwa njiani. Njaa ndiyo sijaielewa. Masufuria ya watu yamejaa chakula kila kijiji, unachota unaenda zako, sasa tishio liko wapi?

Kwenye mwendo nina msimamo tofauti kidogo. Uzito wa miguu usio na sababu ni kero. The Witcher 3 ilipotoka 2015, mhusika wake mkuu Geralt aligeuka kwa uzito mpaka sasisho la 1.07 likaongeza namna nyingine ya kumwendesha, na mimi natumia hiyo. Elden Ring (2022) nayo imefanya la maana: pasipo adui karibu, mbio hazikuli pumzi. Kuchoka peke yako porini ni kupotezewa muda tu.

Anayeanza Kingdom Come aende kwanza kwa Kapteni Bernard, mkufunzi wa mapigano pale mji wa Rattay, afanye mazoezi ya kukinga mpaka mkono uzoee. Majambazi wa barabarani awaache kwanza, hasa wakiwa zaidi ya mmoja.