Chumba Kimoja cha Lumet na Jangwa la Nolan
Katika filamu za zamani, hakuna inayonishika kama 12 Angry Men ya mwaka 1957, kuhusu wajumbe kumi na wawili wa baraza la mahakama wanaoamua kesi ya mauaji, ambayo mwongozaji Sidney Lumet aliipiga karibu yote ndani ya chumba kimoja, akiishusha kamera kidogo kidogo hadi dari ikaonekana na mtazamaji akahisi kuta zinambana. Henry Fonda, anayeigiza mmoja wa wajumbe hao, anapochomeka mezani kisu kinachofanana na kile cha ushahidi, wenzake huinuka vitini kwa mshtuko, nami moyo hunienda mbio kila nikiitazama. Oppenheimer ya Christopher Nolan, iliyotoka mwaka 2023 kuhusu mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, ni ndefu kupita kiasi, hasa yale mahojiano ya kamati. Hata hivyo, bomu linapolipuka jangwani na sauti zote zikatoweka isipokuwa pumzi za watu, ustadi wake haupingiki.