ABC Warriors: maroboti yana roho kuliko watu

Jamani nimeimaliza ile komiki ya ABC Warriors, lile buku lililokusanya hadithi za mwanzo, na kwa kweli waliolitunga hawakuwa na masihara. Ni maroboti yaliyoundwa kustahimili vita vya atomiki, vijidudu na kemikali, yanakusanywa moja moja halafu yanatupwa sayari ya Mars kwenda kutuliza fujo. Aliyeandika ni Pat Mills, ilianza 1979 kwenye 2000 AD, gazeti la katuni la kila wiki la Uingereza.

Hammerstein ndo kamanda, mkono mmoja nyundo, Joe Pineapples yeye mdunguaji na mashauzi juu, ila aliyeniua mimi ni Mongrol, lidubwana la nguvu lililoungwaungwa upya na dada mmoja anaitwa Lara, akili hana lakini jina la Lara halimtoki mdomoni, yaani unasoma roboti unajikuta unamuonea huruma kama mtoto wa jirani.

Michoro sasa. Wachoraji walikuwa wanapokezana, kwahiyo roboti huyohuyo leo mnene kesho mwembamba, inakera kidogo. Kurasa za Mike McMahon ndo tamu, chuma unaona kabisa kimechoka.

Nililipata used hapa Ngamiani kwa elfu ishirini, gundi imeachia kurasa za mwisho, joto letu la Tanga na chumvi ya bahari mnalijua. Madogo msiwape, vichwa vinang'olewa sana humo. Mwenye mwendelezo wake anicheki, nanunua leo leo.