Taa za redio ya mnarani: uzoefu wangu baada ya kupanda minara miaka kadhaa

Redio ninayoizungumzia ni ile ya mtandao wa simu inayofungwa juu mnarani karibu na antena, ikaunganishwa kwa fiba na kabati la besibendi (mitambo inayochakata mawasiliano) lililo chini. Pembeni ina kifuniko kidogo. Ukikifungua unakuta taa: RUN, ALM, VSWR na mbili za CPRI, yaani kiungo cha fiba kati ya redio na kabati. Kwangu mimi, hizo ndizo sehemu bora ya kifaa chote.

RUN ikiwaka sekunde moja na kuzimika sekunde moja, redio iko kazini. Ikipepesa mbiombio, kama mara nne kwa sekunde, inapakia programu. Hapo usikate umeme hata ofisini wakikuhimiza vipi. Ikiwa imezimika kabisa, anzia kwenye brekaa na ile volti 48 hasi inayoilisha redio.

Inayowapotosha mafundi wengi ni ALM. Nyekundu iliyotulia inaelekeza kwenye hitilafu ya redio yenyewe. Nyekundu inayopepesa polepole ina maana nyingine: huenda ugonjwa uko kwa jirani, yaani kwenye kadi ya kielektroniki au bandari (tundu la kuchomekea) iliyounganishwa nayo. Siku moja sekta nzima (upande mmoja wa eneo linalohudumiwa na mnara) ilikuwa kimya na redio mpya tulishaifunga kamba, tayari kuivuta juu. Jua lilikuwa kali, taa hazionekani, nikazikinga kwa kiganja na kuhesabu. ALM inapepesa. CPRI nyekundu, imetulia, maana yake moduli, kile kipande fiba inapochomekwa, haipokei mwanga wa fiba. Nikachomoa konekta, nikasafisha ncha yake kwa kifutio kikavu cha fiba, nikairudisha mpaka ikalia "ka". CPRI ikawa kijani, na baada ya muda ALM ikazimika. Redio mpya ikarudi garini. (Usichungulie kamwe ncha ya fiba: mwanga ule jicho haliuoni, lakini unaweza kuliumiza.)

Mapungufu yapo. VSWR ikiwaka nyekundu inakuambia tu kwamba nguvu nyingi inarudi kutoka upande wa antena. Kama ni konekta iliyolegea, jampa (kebo fupi ya kwenda antena) iliyoingia maji au antena yenyewe, haisemi. Utapima kipande kwa kipande. Mwingiliano wa mawimbi ndio kabisa, taa zote zitakuwa shwari huku simu za watu zinakatika. Na maana hizi ni za redio ninazozihudumia mimi. Mtengenezaji mwingine ana zake, kwa hiyo shika mwongozo wa kifaa chako.

Wanaofunga redio nawaomba jambo moja: msielekeze kifuniko cha taa kwenye nguzo. Nimewahi kuning'inia kwenye mkanda nikisoma taa kwa kioo cha mkononi, na kuhesabu mipepeso kwenye kioo kinachotikiswa na upepo ni kazi ngumu mno. Mtengenezaji naye angechapa maana za taa ndani ya kifuniko. Kwa sasa nimeziandika kwenye kadi iliyofunikwa plastiki, naitundika kwenye mkanda wa kupandia.