Agora ya Kale ya Athens: barazani kwa Wastoiko, na mwongozo wa sauti usiolingana na bei yake

Mgeni anayefika Athens kwa mara ya kwanza hupandishwa kilima cha Acropolis karibu kwa lazima, akapiga picha za hekalu la Parthenon katikati ya umati, kisha akashuka akiamini kwamba Ugiriki ya kale ameimaliza. Nami nilifanya hivyohivyo safari ya kwanza. Safari hii niliitoa asubuhi nzima kwa Agora ya Kale, uwanja ulio chini ya kilima hichohicho upande wa kaskazini-magharibi, na tathmini hii namwandikia msomaji anayevutiwa na fikra za watu wa kale kuliko marumaru zao.

Agora ilikuwa soko, mahakama, ofisi za serikali na mahali pa ibada kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ubora wake ulipo: mgeni anaona kwa macho kwamba falsafa ya Wagiriki haikuzaliwa katika vyumba vya watawa bali katikati ya wauza samaki na mafundi. Karibu na jiwe la mpaka, ambalo maandishi yake yanajitambulisha yenyewe kuwa ndilo mpaka wa Agora, kuna mabaki ya nyumba iliyofukuliwa ikiwa na misumari midogo ya viatu pamoja na kitako cha kikombe kilichochorwa jina la Simon. Waandishi wa kale wanamtaja Simon fundi viatu, ambaye mwanafalsafa Socrates alikuwa na desturi ya kukaa kibandani kwake akizungumza na vijana. Hakuna awezaye kuapa kwamba Simon ni huyohuyo, lakini nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya hekalu lolote.

Jengo linalotawala uwanja ni Stoa ya Attalos, zawadi ya mfalme Attalos II wa Pergamon, katika Uturuki ya leo, aliyewahi kusoma Athens na kutawala kuanzia mwaka 159 hadi 138 KK. Linaloonekana leo lilijengwa upya kati ya 1952 na 1956 na Wamarekani, ambao wamekuwa wakichimba Agora tangu 1931. Wapo wanaolilalamikia kwa kuwa ni jipya mno, mimi nalitetea. Neno stoa hutafsiriwa kwa maelezo marefu katika vitabu vya shule, ilhali sisi tunalo neno lake tayari, nalo ni baraza: mahali penye paa na nguzo, pakavu wakati wa mvua na pa baridi wakati wa jua, ambapo watu huketi au hutembea wakizungumza bila kumwomba mtu ruhusa. Ukiingia chini ya paa lile lenye urefu wa zaidi ya mita 110, ukasikia jinsi sauti ya mtu wa kawaida inavyosafiri, unaelewa kwa nini mwanafalsafa Zeno, mzaliwa wa Kition huko Kupro, alipoanza kufundisha mnamo 300 KK alichagua stoa badala ya nyumba, na kwa nini wafuasi wake waliitwa Wastoiko, yaani watu wa barazani.

Makumbusho yamo ndani ya stoa hiyo, nayo ni madogo kiasi cha kutomchosha mtu. Mtu aliyewahi kufuatilia uchaguzi wowote asiharakishe mbele ya vigae vya kura ambavyo raia waliandika jina la mwanasiasa waliyetaka aondoke mjini kwa miaka 10. Katika kisima kimoja kwenye mteremko wa Acropolis vilipatikana vigae 190 vyenye jina la Themistocles, mwanasiasa wa Athens, na wataalamu walipochunguza miandiko waligundua kwamba ni ya mikono 14 tu. Kwa maneno mengine, kura zilikuwa zimeandaliwa mapema ili zigawiwe. Ipo pia saa ya maji iliyompimia msemaji mahakamani dakika sita, pamoja na jiwe lenye matundu lililotumika kupiga kura ya bahati nasibu ili mahakimu wasijulikane mapema na kuhongwa.

Sehemu ya dola ya Kirumi huhitaji jicho la subira, kwa maana hakuna kibao kinachoieleza ipasavyo. Mnamo 15 KK, Agrippa, mkwe wa Augusto, Kaisari wa kwanza wa Roma, alijenga ukumbi mkubwa wa muziki katikati kabisa ya uwanja ambao raia walikuwa wakikutania, na sidhani kama kuna hotuba inayoweza kueleza mwisho wa uhuru wa mji kwa ufasaha kuliko jengo hilo. Hata hivyo pembeni ya njia imesimama sanamu ya Kaisari Hadrian isiyo na kichwa, na kwenye dirii yake amechongwa Athena, mungu mlinzi wa Athens, akiwa amesimama juu ya mbwamwitu jike anayewanyonyesha Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma. Mtawala wa Roma alikubali kuvaa kifuani picha ya Ugiriki iliyoikanyaga Roma! Wageni wengi walipita bila kugeuza shingo.

Hekalu la Hephaistos, mungu wa wahunzi, limesalia karibu zima juu ya kilima cha magharibi kwa sababu liligeuzwa kanisa kwa karne nyingi. Ni zuri, nalo halihitaji wakili. Wanaoijua Biblia watakumbuka kwamba ni katika soko hilihili Paulo alibishana na wanafalsafa Waepikureo na Wastoiko kabla ya kupelekwa Areopago, mwamba unaoonekana kutoka Agora. Anayeupanda avae viatu visivyoteleza.

Sasa lawama. Reli ya kwenda bandari ya Piraeus inaukata uwanja upande wa kaskazini, na kwa sababu hiyo Stoa Poikile, baraza alilofundishia Zeno mwenyewe, ambalo mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1981, liko nje ya eneo la tiketi. Hakuna aliyeniambia hivyo mlangoni. Mbaya zaidi ni programu ya mwongozo wa sauti niliyoilipia kwenye simu kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni: ilipoteza mwelekeo kila nilipoingia chini ya paa, ilisindikiza kila jina la mungu kwa muziki wa vinanda, na mbele ya vichupa vya udongo ambavyo wachimbaji wanakisia tu kuwa vilitoka gerezani ilitangaza bila haya kwamba hapa ndipo Socrates alipokunywa sumu mwaka 399 KK. Kuhusu Zeno ilikuwa na sentensi mbili, nazo zilinielekeza kwenye baraza la Attalos, ambalo lilijengwa zaidi ya karne moja baada ya kifo chake.

Tiketi ya Agora ningeilipia tena kesho. Ya mwongozo wa sauti, hapana. Fika mapema kabla ya jua kali, anza na makumbusho, shuka kwenye nyumba ya Simon, maliza kwa Hadrian. Ukishatoka, vuka reli hadi ng'ambo ya mtaa wa Adrianou, uulizie shimo lenye uzio kati ya mikahawa: chini pale, kwenye ngazi za mawe zinazoota nyasi, ndiko Wastoiko walikopatia jina lao, na kulitazama ni bure.