Bima ya safari: mguu walilipa, makombora wakaruka

Nyota mbili na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya yule dada wa laini ya dharura peke yake. Kampuni siitaji, wenyewe wanajijua.

Mie nauza mapazia na mashuka hapa Mombasa, mara mbili kwa mwaka naenda Guangzhou kuchukua vitambaa soko la Zhongda, na bima siku zote nilikuwa naiona kama pesa ya kupaki gari, unalipa unaenda zako huulizi. Hii nilikata tarehe 10 Juni 2025 kwa ajenti mmoja ofisi yake iko Nkrumah Road, KSh 4,200 kwa siku kumi na nne, kijana mzuri ana adabu zake, "mama wewe safiri, hii inabeba kila kitu, ndege ikichelewa, begi likipotea, ukiugua, kila kitu". Akanitumia faili kwa WhatsApp, kurasa 38, Kizungu kitupu, herufi kama sisimizi wamepanga foleni. Nikasema nitasoma kwenye ndege. Kwenye ndege nililala.

Nianze na zuri maana sitaki kuonea mtu. Nilisafiri na shoga yangu, bima ile ile ajenti yule yule, tuko Guangzhou mvua ya Juni haikatiki, akateleza kwa ngazi za hoteli, kifundo cha mguu kikavimba kama andazi. Tukapiga ile namba ya dharura ilokuwa kwenye kadi, saa nane usiku ya kule, akapokea dada mmoja ametulia, akauliza namba ya bima, akauliza tuko mtaa gani, akatuambia hospitali ya kwenda na kabla hatujafika barua ya malipo ishatumwa. Picha ya mfupa, bandeji, dawa, magongo, hatukutoa hata shilingi. Hapo nilisema wallahi hii bima nitaisifu mpaka kwa majirani.

Sasa njoo Doha.

Tulikuwa tunarudi tarehe 23 Juni, tumechukua tiketi ya bei nafuu ile ya kukaa Doha masaa mengi, ndege ya Nairobi ni ya usiku. Habari za vita tulikuwa tunazo, Israel ilianza kuipiga Iran tarehe 13 sisi tushaondoka zamani, lakini ilikuwa ni mambo ya kwenye simu. Tumekaa uwanja wa ndege karibu na lile sanamu kubwa la dubu la manjano lenye taa kichwani, shoga yangu mguu kauweka juu ya begi, mara kabla ya saa moja jioni ule ubao wa ndege ukaanza kubadilika mstari kwa mstari, imechelewa, imechelewa, imefutwa. Qatar wamefunga anga. Haikupita muda Iran ikarusha makombora kwa ile kambi ya Wamarekani ya Al Udeid, hapo hapo Qatar, watu wakawa wanaonyeshana simu, mama mmoja wa Kihindi akaanza kusali kwa sauti na mie nikajikuta namuitikia amin, sijui hata alikuwa anaomba nini. Anga lilifunguliwa usiku huo huo baada ya saa sita lakini hapo ndege zishatawanyika nchi za watu, na foleni ya kaunta, yakhe, foleni ile ukisimama mwisho huoni mwanzo. Tumelala kwenye zulia. Shirika la ndege silalamiki, walitupa ndege ya kesho yake usiku bila kuongeza pesa.

Shida ni kwamba Nairobi kuja Mombasa nilikuwa nimekata tiketi mbali, shirika jingine, KSh 7,800 kila mtu, hairudishwi. Ikaenda hivo. Tukapanda treni ya saa nne usiku pale Syokimau, 1,500 kila mmoja, tukafika Miritini alfajiri na magongo na mabegi, dereva wa tuktuk akatuuliza kwani mwatoka vitani? Nikamwambia karibu na huko.

Nikapeleka kleimu. Tiketi iliyopotea, chakula cha Doha, treni, jumla kama elfu kumi na tisa. Risiti zote nimepanga, barua ya shirika la ndege ya kuthibitisha kuchelewa ninayo. Wiki tano kimya, halafu emaili ya mistari sita: haitalipwa, soma ukurasa wa 31.

Ndo nikaufungua huo ukurasa wa 31. Imeandikwa hawalipi hasara yoyote inayotokana na vita, uvamizi, kitendo cha adui wa nje, uhasama, vita iwe imetangazwa au haijatangazwa. Nikampigia ajenti, nikamwambia kijana wangu, mie sikupigwa na kombora, mie nimechelewa ndege, na kuchelewa ndege kuko ukurasa wa 14. Akasema mama rudi usome tena pale mwanzo. Nikarudi. "Moja kwa moja au kwa njia nyingine yoyote." Basi hayo maneno ndo yanameza kila kitu. Kombora limefunga anga, anga limefuta ndege, ndege imeua tiketi yangu ya Mombasa, kwao mnyororo wote ni vita mpaka lile andazi nilokula Syokimau.

Na kuna ajabu nyingine, ugaidi wanalipa! Ukurasa unaofuata, upande wa matibabu. Yaani bomu la gaidi wanakutibu, la serikali hawakujui. Nikamuuliza ajenti sasa mtu akiwa pale chini atajuaje limerushwa na nani, akacheka, mie sikucheka.

Jirani yangu wa dukani yeye aliingia kwa mlango mwingine. Alikata bima tarehe 16, vita vishaanza siku tatu nyuma, akijua ndo anajikinga. Wakamwambia tukio lilikuwa linajulikana alipokata, kwa hivo hata bila ukurasa wa 31 asingepata kitu. Kampuni zote nilizouliza baadaye zina kitu kama hicho, bima ni ya usichokijua, nyumba ikishashika moto hakuna atakayekuuzia bima ya moto.

Kusema kweli sisi watu wa Mombasa tungekuwa wa kwanza kulijua hili. Mei 2014 Uingereza ilipowaambia raia wake wasije Mombasa ila kwa safari ya lazima, Thomson na First Choice, kampuni za utalii za huko kwao, walikusanya wageni wao mamia wakawarudisha kwao, na safari za huku wakazifuta mpaka mwisho wa Oktoba. Ndugu yangu alikuwa mpishi hoteli moja Nyali, akarudi nyumbani na kofia yake ya jikoni kwa mfuko. Tulisema Wazungu waoga. Kumbe serikali ikishasema usiende na wewe ukaenda, bima nyingi zinakuacha, kwa hivo hata asiyeogopa ilibidi apande ndege. Miaka yote hiyo na bado nikanunua faili la kurasa 38 bila kulisoma.

Naambiwa ziko bima zenye kipengele cha mtu aliyekutwa na vita ghafla bila yeye kuhusika, wanakupa siku chache za kutoka nchi hiyo na ukiumia wanakutibu. Hii yangu haina, nimetafuta mpaka macho yanauma. Ukiwa wakata bima muulize ajenti hilo kwa maandishi, sio kwa mdomo, maana mdomo wa ajenti wangu ulibeba kila kitu. Mimi nilitaka kumpeleka kwa mamlaka ya bima, IRA, shoga yangu akanizuia, akasema ukurasa wa 31 uko pale na saini yako iko pale, utaenda kusema nini? Bado nafikiria lakini. Aliniambia "kila kitu", na huo ujumbe wa sauti ninao.

Novemba narudi Guangzhou. Safari hii napita Addis, Mombasa mpaka kule hati moja ya tiketi, ndege ikivurugika katikati ni juu yao wanifikishe. Bima nitakata, ndio, na pengine hii hii kwa sababu ya yule dada wa saa nane usiku. Majuzi nilimpigia ajenti nikamwambia anisomee ukurasa wa 31 kwa Kiswahili, pole pole, nikiwa nimewasha rekodi. Akasema mama ngoja nitakupigia. Leo siku ya nne.